Nikiwa mbali na kocha nang'ara, nikimkaribia miguu inakuwa mizito

Shikamoo mjomba,

Nina miaka 20 na nacheza winga ya kulia. Mpira nimeuanza utotoni na sijawahi kuwa mchezaji wa kubembelezwa, kwa hiyo naomba usinione mdekaji kabla hujamaliza kusoma.

Msimu uliopita tulikuwa na kocha mtu mzima, mpole. Alikuwa akiniambia, "Ukipata mpira pembeni, mtazame beki, kisha amua mwenyewe." Nikiupoteza, aliniuliza tu niliona nini. Nilipoteza mipira mingi, sikatai, lakini mabeki niliowapita pia walikuwa wengi, na mechi ikiisha nilikuwa bado natamani kucheza. Msimu ulipokwisha akaondoka, akaja huyu wa sasa.

Huyu wa sasa mpira anaujua, simsingizii. Safu yetu ya ulinzi ilikuwa inavuja, ameiziba, na tumepanda kwenye msimamo wa ligi. Lakini mdomo wake haupumziki dakika zote 90. Ukipoteza mpira: "We winga! Unafikiria nini?" Ukiupoteza tena: "Mnaona? Nilijua!" Halafu anawageukia waliokaa benchi na kutikisa kichwa. Mazoezini, anayepoteza mpira anazungushwa uwanja mbio huku wenzake wamesimama wanamtazama. Kuna mechi alinitoa kabla ya mapumziko, na nilipopita mbele yake akaangalia pembeni. Hakunisemesha mpaka mazoezi ya katikati ya wiki. Siku nikifunga, ananikumbatia mbele ya wote na kusema mimi ndiye kijana wake.

Sasa shida yenyewe. Mazoezini tukigawanywa timu mbili, na kocha akawa upande mwingine anawapanga mabeki, nawapita watu nitakavyo. Mechi ikianza, nikipokea tu mpira nasikia mwili umekaza, napiga pasi ya nyuma. Beki wetu wa kulia ameshaniuliza kwa nini kila mpira anaonipa namrudishia. Halafu kuna jambo aliloligundua kaka yangu, ambaye huja kutazama mechi zetu. Anasema kile kipindi ambacho winga ya kulia iko upande wa benchi letu nakuwa mtu mwingine kabisa. Tukibadilishana magoli, mimi nikawa ng'ambo ya pili, narudi kuwa yule anayemjua. Nilibisha sana. Tukatazama video alizorekodi kwa simu, nikanyamaza.

Kinachonichanganya zaidi ni beki wetu wa kati. Huyo akifokewa ndiyo kwanza anapanda. Anasema bila kelele za kocha angelala uwanjani. Nikilalamika ananiambia mpira si lelemama, nitie pamba masikioni.

Nimeanza kuchoka, mjomba. Zamani nilikuwa nawahi mazoezini nipige krosi peke yangu kabla wengine hawajafika. Siku hizi nafika dakika ya mwisho, na nikisikia mazoezi yameahirishwa, nafurahi. Naenda kwa sababu nikikosa nitapoteza namba, basi. Nimefikiria kuomba nihamishiwe winga ya kushoto ili nikae mbali na kocha. Nimefikiria pia kuacha kabisa.

Tatizo ni mimi au ni kocha? Na nifanye nini, maana msimu bado ni mrefu?

Winga wa Kulia

* * *

Marahaba mpwa wangu.

Hilo la kuhamia kushoto tulimalize kwanza, maana ndilo jepesi. Halitakusaidia kitu. Timu zinabadilishana magoli wakati wa mapumziko, kwa hiyo ukihamia kushoto utakuwa puani mwa kocha katika kipindi kile kile ambacho sasa unapumua, na utapumua katika kile unachoteseka. Labda ukubaliane na winga mwenzako mbadilishane pande kila mapumziko, na hapo kocha mwenye macho kama wako atawauliza swali moja ambalo hamtakuwa na jibu lake.

Kaka yako mpe mkono. Wapo wachezaji wanaolipia wataalamu wa saikolojia ya michezo wawatafutie kile alichokiona yeye akiwa na simu mkononi. Mechi ni ile ile, beki anayekukaba ni yule yule, miguu ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali kati yako na sauti ya mtu mmoja. Ungekuwa umeishiwa, ungekuwa umeishiwa pande zote mbili za uwanja. Uwezo unao, na kila mechi unauonyesha kwa dakika 45.

Kumpita beki ni kazi uliyoirudia mpaka mwili ukaizoea. Huamrishi tena kifundo cha mguu kigeukie wapi. Mtu akiogopa kuhukumiwa, akili inajipa ukuu wa kusimamia kazi ambayo haikuhitaji msimamizi. Shuka ngazi kwa kasi huku unafikiria namna kila unyayo unavyotua, uone utakavyojikwaa. Mwaka 1992 mtafiti Rich Masters alilifundisha kundi moja kusukuma mpira wa gofu shimoni kwa kulipatia maelekezo mengi ya kiufundi, na kundi jingine likajifunza bila maelekezo hayo huku akili imeshughulishwa na kazi nyingine. Alipowaweka wote kwenye shinikizo, wale wasiokuwa na kanuni kichwani waliendelea kupiga vizuri zaidi, na waliojazwa kanuni wakakwama. Walikuwa na kitu cha kusimamia, wakakisimamia, kikawaharibikia. Wewe ukipokea mpira karibu na benchi unaanza kujisimamia, na beki wa upinzani anaipata ile nusu sekunde anayoihitaji.

Sasa tuyatazame maneno yenyewe ya kocha wako. "Unafikiria nini?" "Nilijua!" Yachunguze uone kama ndani yake kuna mpira wa miguu. Hayasemi ulipaswa kumkabili beki mapema, au kusubiri beki wako apande, au kukata kwenda ndani. Yanakuhusu wewe: akili yako, na historia yako ya kukosea. Mwaka 1996 Avraham Kluger na Angelo DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu watu wanaopewa mrejesho juu ya kazi wanayoifanya. Kwa wastani mrejesho ulisaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo waliyoyakusanya, ulishusha kiwango cha kazi. Maelezo yao ni kwamba mrejesho huharibu pale unapoyatoa mawazo ya mtu kwenye kazi na kuyaleta kwenye nafsi yake. Ukifokewa "mkabili!", mawazo yanakwenda kwa beki. Ukifokewa "nilijua!", yanakuja kwako, na beki anabaki peke yake bila mtu wa kumsumbua.

Usidhani namtaka kocha wako ageuke kuwa mtu wa kusifu sifu. John Wooden, kocha wa mpira wa kikapu wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, alitwaa ubingwa wa vyuo mara 10 katika misimu 12 hadi mwaka 1975. Katika msimu wake wa mwisho, wanasaikolojia Roland Tharp na Ronald Gallimore walikaa kwenye mazoezi yake wakinukuu vitendo vyake vya kufundisha, wakafikisha 2,326. Kama robo tatu ya vitendo hivyo vilibeba maelekezo ya kazi. Sifa zilikuwa chini ya asilimia 7, na karipio nalo chini ya asilimia 7. Hakuwa mtu wa kubembeleza hata kidogo. Na mara nyingi alipokaripia, karipio lilifuatana palepale na kumwonyesha mchezaji namna ya kufanya. Mchezaji wake alijua amekosea wapi na afanye nini mpira ukirudi. Wewe unachojua ni kwamba umemuudhi mtu.

Halafu kuna jambo ambalo naona hata kocha wako hajalipigia hesabu. Kazi ya winga ni kubahatisha. Hakuna winga duniani anayempita beki kila mara. Wale wazuri kabisa hupoteza mipira mingi kuliko viungo na mabeki wao, kwa sababu wametumwa kwenda kuipoteza mahali ambapo ikipotea haiumizi sana na isipopotea inazaa bao. Sasa weka sheria kwamba anayepoteza mpira anazunguka uwanja huku wenzake wanamtazama. Sheria hiyo haimgusi kila mtu sawa. Beki wa kati akipiga pasi fupi kwa kiungo, hazunguki. Winga akijaribu kile alichowekwa uwanjani akijaribu, anazunguka. Baada ya muda, winga mwenye akili timamu anafanya nini? Anapiga pasi ya nyuma. Hujapooza, mpwa wangu. Umefuzu somo unalofundishwa, na mwalimu hajui kwamba ndilo analolifundisha.

Kwa hiyo ukiniuliza tatizo ni wewe au ni yeye, jibu langu ni kwamba sheria ile ni yake, na kununa kwake siku kadhaa kwa sababu ya kipindi kimoja kibovu ni kwake. Kumkumbatia mtu akifunga na kumgeuzia uso akikosea ni kumwambia kwamba thamani yake inapimwa upya kila wikiendi. Makocha wengi hufanya hivyo wakiamini wanatia ari. Kweli inatia ari ya aina fulani, ile ya kukwepa kugeuziwa uso, na njia fupi ya kukwepa ni kutojaribu.

Hapo ndipo ninapofika kwenye kitu kilichonitia wasiwasi kuliko hizo pasi za nyuma: kwamba unafurahi mazoezi yakiahirishwa. Edward Deci na Richard Ryan wamekuwa wakichunguza motisha tangu miaka ya 1970, na nadharia yao ya kujiamulia imetumiwa sana kuwapima wanamichezo. Wanasema ari inayodumu hulelewa na mahitaji matatu ya moyo: kujiona una sauti katika unachokifanya, kujiona unaweza, na kujiona una watu wanaokujali. Soma tena barua yako. Kocha wa zamani alikwambia "amua mwenyewe", akakuuliza uliona nini, na mlielewana hata ulipokosea. Sidhani kama alikuwa amesoma kitabu chochote cha nadharia hii, lakini yote matatu alikupa. Huyu wa sasa anakunyang'anya la kwanza kwa kelele, la pili kwa "nilijua", la tatu kwa ukimya. Kilichobaki kinachokupeleka uwanjani ni kulinda namba. Namba ni sababu halali, hata mimi ningeilinda, ila ni sababu ambayo haimfikishi mtu uwanjani mapema akapige krosi peke yake.

Na beki wa kati? Hasemi uongo. Kwanza kazi yake na yako hazifanani: ya kwake ni kuitikia hatari inapokuja, na mtu aliyechangamshwa na kelele anaweza kuitikia vizuri zaidi, ya kwako ni kuanzisha jambo, na hilo linataka kichwa kilichotulia kidogo. Pili, kelele zile zile kila mtu anazisikia kwa sikio lake. Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachunguza makocha wa watoto kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1970, wakihesabu tabia zao uwanjani na kuwauliza wachezaji walichokiona. Waligundua kwamba kinachomjenga au kumbomoa mchezaji hupitia kwanza kwenye namna anavyoyapokea matendo ya kocha na maana anayoyapa. Beki wenu akifokewa anasikia, "nakutegemea". Wewe unasikia, "umekwisha". Nikuulize: amewahi kutolewa kabla ya mapumziko? Kama hajawahi, basi kelele anazozisikia yeye hazina meno.

Huo uchunguzi wa Smith na Smoll una jambo jingine litakalokufaa. Makocha walipoulizwa wanafanya nini uwanjani, picha waliyoitoa ilikuwa mbali sana na yale watazamaji waliyoyahesabu. Watoto walikuwa karibu zaidi na ukweli kuliko makocha wenyewe. Kwa hiyo usianze na dhana kwamba kocha wako anajua anachokufanyia. Inawezekana kabisa akilala usiku anajiona mtu anayekupigania.

Utaniambia, mbona tunashinda? Mnashinda kwa sababu amepanga ulinzi, na hilo mheshimu. Lakini kufoka na kupanga ulinzi ni mambo mawili. Smith na Smoll, pamoja na mwenzao Nancy Barnett, waliwapa baadhi ya makocha wa besiboli ya watoto mafunzo ya namna ya kutia moyo, kuelekeza baada ya kosa, na kuacha adhabu na dhihaka. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1992. Timu za makocha hao hazikushinda zaidi wala kushindwa zaidi ya nyingine. Tofauti ilionekana msimu uliofuata: waliofundishwa na makocha wasiopewa mafunzo, asilimia 26 hawakurudi, kwa wale wa makocha waliofunzwa, asilimia 5. Wale walikuwa watoto na wewe ni mtu mzima, sitalazimisha hesabu ikuingie. Lakini unaona kwa nini msimamo wa ligi hauwezi kukwambia lolote kuhusu nani anafikiria kuacha.

Nenda ukazungumze naye. Najua ndiyo sehemu usiyoitaka. Usiende baada ya mechi, hata mliyoshinda. Usimwandikie ujumbe wa simu, na usimtume nahodha. Mwahi siku ya mazoezi ya kawaida, anapopanga koni na hakuna aliyefika, saa ile ile uliyokuwa ukiitumia kwa krosi zako. Neno "kufoka" lisitoke mdomoni mwako, kwa sababu likitoka mtazungumzia tabia yake na atajitetea. Muulize mambo ya mpira. Kitu cha namna hii: "Kocha, nikipokea mpira pembeni na tumepanda, unataka nimkabili beki au nitunze mpira? Nikimkabili, mara nyingine nitaupoteza. Utakubali niupoteze pale?" Kisha nyamaza umwache ajibu. Akisema anataka umkabili, umepata ruhusa kutoka kinywani mwake, na hiyo ruhusa utaingia nayo uwanjani.

Ombi la pili: "Nikikosea, nipigie kelele ya neno moja la kufanya. Mkabili, subiri, kata ndani, lolote. Nitalisikia vizuri zaidi." Unaona humzuii kupaza sauti. Mtu aliyezoea kufoka miaka yote hataacha kwa sababu ya winga mmoja, ila anaweza kubadili maneno. Ukiona amesikiliza, mwonyeshe zile video, vipindi viwili vya mechi moja, umuulize anaona tofauti gani. Usimwambie ulichokiona wewe na kaka yako. Akikigundua mwenyewe atakiamini.

Ataweza kukasirika, sikufichi. Yeye ndiye anayepanga kikosi, na wewe ndiye mwenye cha kupoteza. Ila umeshakuwa unakipoteza kidogo kidogo kila mechi, kwa hiyo sioni kama kukaa kimya kunakulinda.

Uwanjani kwenyewe, tazama tena zile video na safari hii usiutazame mpira. Tazama shingo yako mara tu baada ya kuupoteza. Sijaziona, lakini ningeweka dau kwamba kichwa kinageukia benchi kabla hata beki hajapiga hatua ya pili na mpira wako. Hicho kichwa ndicho cha kukifanyia kazi. Jipangie tendo moja la kufanya kila unapopoteza mpira, liwe tendo la mpira: hatua tano za haraka kumfuata aliyeuchukua, basi. Ukimaliza hizo tano, ama umeupata ama umerudi nafasi yako, na ule muda wa kutazama benchi umepita. Litaonekana jambo dogo. Mabeki wetu wa zamani waliofokewa maisha yao yote walidumu kwa vijambo vidogo kama hicho, ingawa hakuna aliyewaambia vina jina.

Kabla ya mechi, weka lengo lako mwenyewe na lihesabiwe na kaka yako: katika kipindi cha upande wa benchi, nitamkabili beki mara tatu. Hesabu majaribio. Kama umempita au hukumpita, hiyo ni habari nyingine. Mara tatu ni chache, makusudi. Mtu aliyezoea pasi za nyuma akijipangia mara kumi atakata tamaa mapema.

Na mazoezi yako yalete karibu na kile unachokiogopa. Raôul Oudejans na Rob Pijpers, watafiti wa Uholanzi, mwaka 2009 walichapisha majaribio yao na wachezaji wazoefu wa kikapu na wa kurusha vishale. Baadhi ya wale wa vishale waliwafanyisha mazoezi wakiwa juu ya ukuta wa kukwea, mahali pa kutia hofu. Waliofanya mazoezi wakiwa na hofu hawakuyumba shinikizo lilipokuja baadaye. Waliofanya mazoezi kwa raha tupu waliyumba. Sasa wewe unapiga chenga zako mazoezini kocha akiwa mbali, ndiyo maana hazikusaidii. Siku mnapogawanywa timu mbili, omba ucheze upande aliosimama yeye. Siku za kwanza zitakuwa mbaya. Mwombe pia beki wa kulia na kaka yako wasimame kwenye chaki wakufokee upuuzi wowote huku unakokota mpira. Mtacheka, na kucheka si hasara.

Kuna mpaka, mpwa wangu, na ukivukwa ushauri wangu wote wa kuongea kwa busara unakoma. Kupigwa. Kutukanwa mzazi au maumbile. Kulazimishwa kucheza na jeraha. Kuzungushwa uwanja mpaka mtu aanguke. Kutishiwa ili usiseme. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu mwaka 2016 kuhusu unyanyasaji michezoni, na unyanyasaji wa kisaikolojia umehesabiwa humo pamoja na wa mwili na wa kingono. Uliyoniandikia hayajafika huko kwa ninavyosoma, ingawa lile la kuzungushwa huku wenzako wamesimama kutazama liko njiani. Likikolea, peleka kwa uongozi wa klabu, na ukiwa na mwenzako mmoja au wawili kuliko peke yako. Vilevile ukianza kukosa usingizi au kutapika kabla ya mechi, tafuta daktari au mshauri nasaha, usisubiri msimu uishe.

Kuhusu kuacha, sikuambii uache wala usiache. Nakuomba ufanye kipimo kimoja kwanza. Chagua siku isiyo na mazoezi, chukua mipira michache, nenda uwanjani peke yako ukapige krosi kama zamani. Ukirudi umechelewa kuliko ulivyopanga, basi mpira bado unaupenda na uliyemchoka ni mtu; hapo maliza msimu, na dirisha la usajili likifunguka tafuta timu yenye kocha mwingine. Ukirudi baada ya krosi chache huna hamu, na ikawa hivyo tena mara nyingine, basi uchovu umeingia ndani zaidi na unahitaji kupumzika hata ikigharimu namba. Na uamuzi wenyewe ufanye siku ya kawaida ya katikati ya wiki, usiufanye usiku wa mechi uliyotolewa mapema.